Picha Inayotoka Kila Siku

Kambini, 4 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Nakusalimu wewe, mumeo na wapwa zangu wawili wanaoniita mjomba bila kunijua vizuri. Mimi ni mzima isipokuwa masikio. Mashine ya kusaga mawe haina adabu, inaanza kupiga kelele kabla jua halijapanda na inanyamaza wakati sisi tumeshakuwa viziwi. Ndiyo maana nakuandikia. Siku ile nilipopanda kilimani kutafuta mtandao nikakupigia, uliongea mengi, mimi nikasikia "mama" na "kichwa" tu. Yaliyobaki yalikuwa kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati. Dereva wa lori la chakula amekubali kubeba barua. Barua naisikia.

Kazi ni ile ile. Nasimama kando ya mkanda, mawe yanapita, naokota mizizi na vipande vya chuma visije vikaingia kwenye taya la mashine. Nikifumba macho jioni, mawe bado yanapita. Msimamizi ametuletea kofia mpya za njano na glavu ambazo zilitoboka wiki ya kwanza. Chakula ni kibaya lakini kingi, na mpishi anatucheka tukilalamika.

Sasa niambie kuhusu mama. Kichwa kimefanya nini? Kuna mtu wa huko alimwambia dereva kwamba mama alitia chumvi kwenye chai akainywa yote na kusifu. Nilicheka. Nilipokaa nikafikiri, sikucheka tena. Je, ananiulizia? Mimi ndiye kifungua mimba wake, haiwezekani asiniulizie. Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Kaka yako,
Kifungua


Nyumbani, 27 Februari

Kaka Kifungua, shikamoo.

Barua yako imefika na vumbi lake, nimeikung'uta mlangoni kama mkeka. Sisi ni wazima. Mwanangu mkubwa ameng'oka jino la mbele na mdogo wake hampi amani kwa kumcheka. Shuleni wameniongezea darasa jingine la hesabu kwa sababu mwenzangu amejifungua. Mume wangu amehamishia cherehani sebuleni ili awe karibu na mama nikiwa kazini. Sasa tunakula tukitema nyuzi. Anakusalimu sana.

Mama anakula, analala, anatembea akishikwa mkono. Lakini watu wanamponyoka. Daktari amesema ni ugonjwa wa kusahau na hautarudi nyuma, ila mazoezi yanaweza kumsaidia kushikilia baadhi ya mambo kwa muda. Nikaukumbuka mpango wa kwenye simu ninaoutumia kwa wanafunzi wangu wanapokariri kanuni. Nakueleza taratibu, usiruke.

Kitu ukishajifunza kinaanza kufifia siku hiyo hiyo, haraka mwanzoni, polepole baadaye. Watu wa hesabu wameuchora mstari wa kufifia huko. Ukiulizwa mapema mno hupati faida, ukiulizwa umechelewa umeshasahau. Faida kubwa iko pale unapokaribia kusahau. Basi simu inaweka hesabu ya picha ya kila mtu peke yake, inakadiria lini mama yuko karibu kuipoteza, ndipo inamtolea. Akijibu sawasawa nabonyeza kijani, na pengo la kuiona tena linarefuka. Akikosa nabonyeza nyekundu, na picha inarudi upesi. Jambo moja la kuangalia: akiwa hajui simwachi abahatishe. Namwambia jibu hapo hapo, kwa sababu hata kosa likirudiwa hujifunzwa.

Nimeweka picha za watu wote wa karibu: wajukuu, jirani, daktari, mume wangu, mimi, wewe. Yako ni ile ndogo ya kitambulisho. Hutoka kila siku, siku nyingine mara mbili. Ya mume wangu hutoka mara moja kwa mwezi.

Umeuliza kama anakuulizia. Jina lako halimtoki mdomoni, kaka. Hilo nakuapia.

Mdogo wako,
Kitinda


Kambini, 30 Machi

Kitinda, marahaba, marahaba mara mia.

Hesabu zako nimeziruka, nisamehe. Unajua mimi na hesabu tuliachana darasa la sita bila kuagana. Lakini mwisho wa barua nimeusoma mpaka karatasi imelegea. Kila siku! Siku nyingine mara mbili! Na fundi wako mara moja kwa mwezi, kama mtu wa kusoma mita.

Nimewasomea wenzangu bwenini. Kuna mmoja wa kitanda cha juu ambaye mke wake humtumia picha za watoto kila lori linapokuja, naye huzibandika ukutani kama duka. Siku zote ananitazama mimi na ukuta wangu mtupu. Nikamwambia, "Wewe unatazama picha. Mimi picha yangu inatazamwa." Akageukia ukuta.

Sikufichi, niliposikia kwamba fundi amehamia sebuleni, moyo ulinichoma. Nikamwona anakaa kwenye kiti changu, mama anamwita amtungie uzi, wanacheka. Yeye ana mke, ana watoto, ana cherehani, na bado awe na mama yangu? Mimi nina nini? Sina mke, sina mtoto. Nina mama. Lakini barua yako imenituliza. Damu ni damu.

Nina wazo. Kama ya fundi inatoka mara moja tu kwa mwezi, hiyo mara moja ni ya nini? Itoe kabisa, umpumzishe mama. Na hiyo ya kitambulisho ni mbaya, nimekaa kama mtu aliyekamatwa. Nakutumia nyingine niliyopigwa na mpishi mbele ya mashine, nimevaa kofia mpya. Hapo angalau natabasamu.

Kaka yako wa kila siku,
Kifungua


Nyumbani, 2 Mei

Kaka, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Ni mitihani, nasahihisha hadi vidole vinakakamaa. Watoto wazima. Jino la mkubwa limeanza kuota upande.

Picha imefika. Umekonda, lakini tabasamu ni lako. Nimeiweka kwenye mpango pamoja na ile ya zamani.

Mama hajambo. Juzi mume wangu alimpeleka kliniki kwa sababu nilikuwa na kikao. Alimshonea gauni la kuvaa safari hiyo, na alipokuwa anampima mabega mama alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari amesema uzito umeongezeka.

Kuhusu picha kutoka mara nyingi au mara chache, kaka, tusilizungumze sana. Nilieleza kwenye barua ile. Ukipata nafasi isome tena.

Likizo yako ni lini?

Kitinda


Kambini, 25 Mei

Kitinda,

Salamu kwa wote. Mimi mzima. Mkanda ulikatika wiki iliyopita tukapumzika siku moja, na siku hiyo nilifanya ulichoniambia. Niliisoma tena.

Sikuelewa. Nikampa mpishi. Mpishi wetu aliwahi kusomea uuguzi, hakumaliza, lakini kichwa anacho. Alikuwa anamenya viazi, akaweka kisu chini, akasoma kimya. Kisha akaniuliza, "Hii ndiyo uliyotusomea bwenini?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ndugu yangu, picha inayotoka kila siku ni ile asiyoijua. Anayemjua vizuri ndiye anatoka mara moja kwa mwezi." Nikamwambia hajui kusoma. Akachora mstari kwa kisu kwenye ubao wa kukatia, unashuka, unapandishwa, unashuka. Akanionyesha niko wapi na shemeji yuko wapi.

Jioni yake habari ilikuwa imefika bwenini. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Jamaa wa kitanda cha juu alinipa sigara. Angenicheka ningempiga, yangeisha.

Umeniacha nitambe miezi miwili. Ulikuwa unasoma barua yangu huku unajua. Ulisema jina langu halimtoki mdomoni, ukaapa. Sasa nijibu bila kuzungukazunguka: mama akiona picha yangu anasema nini?

Na nisikilize. Wewe ndiye unayebonyeza. Picha yangu ikitoka bonyeza kijani, hata mama akikosa. Mimi nitoke mara moja kwa mwezi kama watu. Na ya fundi bonyeza nyekundu. Najua ni ujinga, najua haibadilishi kitu kichwani mwa mama. Bonyeza tu. Sitaki simu yako inihesabu mimi kama kitu kinachopotea na mwanamume uliyemkuta ukubwani kama kitu kilichokaa.

Amekuja juzi, Kitinda. Mimi nilikuwa naitwa na mama kabla wewe hujawaza kuzaliwa. Ana mama yake mwenyewe, tena mzima, anayemkumbuka hadi deni la utotoni. Mwambie asizoee.

Kifungua


Nyumbani, 19 Juni

Kaka, shikamoo.

Watoto wazima. Mimi si mzima, nimekasirika, lakini nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Sitabonyeza kijani cha uongo. Nikifanya hivyo simu itakaa mwezi bila kumwonyesha sura yako, na mwezi ukiisha hatakuwa na hata kile kidogo. Ukitaka kufutika haraka, hiyo ndiyo njia.

Umetaka jibu bila kuzunguka. Ile ya kitambulisho anasema, "Simjui." Ile ya kofia anasema, "Kijana wa watu, kofia imempendeza." Namwambia, "Ni Kifungua, mama." Ananitazama kama nimemtania. Tulikuwa na sauti yako niliyoirekodi ulipokuja likizo iliyopita. Nikimwekea anauliza redio gani hiyo inakoroma.

Lakini sikuapa uongo. Jina lako halimtoki mdomoni. Kuanzia asubuhi: Kifungua nipe maji, Kifungua njoo unishike, Kifungua umekula? Anamwita mume wangu. Ndiyo, kaka. Picha yake ikitoka anasema, "Huyu mwanangu Kifungua," kwa haraka kuliko wewe unavyotaja jina lako mwenyewe. Nilikuwa naibonyeza kijani kwa sababu sura anaijua. Jina tu ndilo lako.

Na yeye anaitika. Mara ya kwanza alinitazama mimi aone kama nitamkataza. Mama alikuwa amenyoosha mkono. Akaitika. Aliniomba nisikwambie kwa sababu alijua utaumia, na nilidhani nina busara. Basi.

Sasa na mimi niseme langu, maana unaandika kama mtu pekee duniani mwenye wivu. Unajua mama ananiita nani? "Dada muuguzi." Mimi ndiye namwosha, namchana, nambadilisha. Wiki iliyopita aliniambia, "Dada muuguzi, una mikono mizuri, mama yako alikulea vizuri." Kisha akageuka akaita, "Kifungua!" Kaka, wewe uko mbali, humfulii hata kitambaa, na bado jina lako limekaa nyumba nzima hadi limepata mtu wa kulivaa. Mimi nalala chumba cha pili kutoka chake na jina langu limekwisha. Nani amwonee wivu mwenzake?

Kitinda


Kambini, 14 Julai

Kitinda,

Salamu kwa watoto. Mgongo umeniweka kitandani siku mbili, nimepata nafasi ya kufikiri, na mtu kama mimi akipewa nafasi ya kufikiri haleti heri.

Nimeumia kwa hilo la dada muuguzi. Sikulijua. Pole.

Lakini sasa hesabu zako nimezisoma, mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote, na mpishi amenisaidia pale nilipokwama. Uliandika mwenyewe: kosa likirudiwa hujifunzwa. Uliandika humwachi abahatishe. Sasa huyo mumeo akiitwa Kifungua akaitika, anafanya nini? Anamfundisha kosa. Mara ngapi kwa siku? Mama anaita, fundi anajibu "naam", tena mama anaita, fundi "naam". Mkanda hausimami. Wewe unamwonyesha mama picha yangu mara mbili kwa siku, yeye anaifuta kutwa nzima kwa kuitika. Halafu simu inashangaa kwa nini simkai kichwani.

Mpishi amesema hoja yangu ni sahihi. Kisha akasema, "Lakini ningekuwa wewe nisingeituma." Nikamwambia yeye si mimi, yeye mama yake anamjua.

Nataka hivi. Shemeji akiitwa Kifungua asiitike. Aseme, "Mimi si Kifungua, mama. Mimi ni mkweo, fundi." Kila mara, bila kuchoka, kama unavyofanya na picha. Na picha yake ikitoka, akisema Kifungua, bonyeza nyekundu. Hiyo si hila, ndiyo kanuni yako. Wewe ni mwalimu. Fundisha kilicho kweli.

Likizo ni Desemba. Nataka nikifika mlangoni nikute nafasi yangu haina mtu.

Kifungua


Nyumbani, 21 Agosti

Kaka, shikamoo.

Sote tuko hai. Nianze na hilo.

Barua yako niliificha siku kadhaa. Nilitafuta mahali ulipokosea sikupata, na hilo lilinitia hasira zaidi. Mwishowe nikampa mume wangu. Aliisoma akiwa amekaa kwenye cherehani, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake. Akasema, "Shemeji ana haki. Jina ni lake." Akaanza siku hiyo hiyo.

Mwanzoni mama alicheka. "Acha utani, Kifungua." Yeye anasema, "Si utani, mama. Mimi ni mkweo." Akiitwa mezani, mkweo. Akiitwa dirishani, mkweo. Nikabonyeza nyekundu, picha yake ikawa inatoka asubuhi na jioni, kisha kila baada ya siku mbili, kisha kila wiki. Kaka, ulikuwa sahihi. Mpango unafanya kazi. Sasa mama akiiona anasema bila kusita, "Huyu mkwe wangu, fundi." Kijani.

Sasa sikia kilichofuata. Akishajua kwamba ni mkwe, anamwonea haya. Anajifunika miguu akiingia. Hataki amnyanyue kitandani, hataki amlishe. Anamwambia, "Hapana baba, nitamsubiri mwanangu." Juma lililopita nilikuwa darasani. Mama alitaka kwenda chooni, mume wangu akamfuata kumshika, mama akamkatalia, akamsukuma mkono, akaanguka. Hakuvunjika. Nyonga yote imevilia damu. Mume wangu alilia mbele ya watoto. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yake.

Na kutwa nzima anauliza, "Kifungua yuko wapi?" Zamani alikuwa anaita, sasa anauliza. Namwonyesha picha yako: "Huyu hapa, mama." Anaitazama kwa adabu, anasema kofia imempendeza. Kisha anavaa viatu, kushoto kulia, kulia kushoto, anakaa mlangoni na mkoba mapajani. Mpita njia akiwa mwanamume anasimama nusu, anakaa tena.

Ulitaka nafasi yako isiwe na mtu. Haina mtu, kaka.

Wewe ndiye mkubwa. Niambie nifanye nini, kwa maana mimi kanuni zimeniishia.

Kitinda


Kambini, 9 Septemba

Kitinda,

Nawasalimu. Nimemwendea msimamizi siku ile ile lori lilipoleta barua. Amesema mkanda hauna mtu mwingine, nikiondoka kabla ya Desemba nisirudi. Nilisimama mbele ya meza yake muda mrefu hadi akaniuliza kama bado nina neno. Na hata nikifukuzwa nikaja, mama atakaa mlangoni vile vile, akinitazama kwa adabu. Kwa hiyo narudi kwenye mkanda.

Fanya haya. Picha zangu zote mbili zitoe kwenye simu. Si kwa hasira. Kila zikitoka mama anashindwa mtihani, na yeye hakuomba kusoma. Desemba nikija usimwambie mimi ni nani. Mwambie ni rafiki wa Kifungua wa kazini. Rafiki wa mwanawe hatanyimwa kiti.

Na wewe, jaribu kumwambia dada muuguzi apumzike siku moja kwa wiki. Mikono mizuri inachoka.

Kuanzia hapa barua si yako. Mpe mumeo.

Shemeji,

Sikupendi. Nasema mapema tusidanganyane. Sikukupenda ulipokuja kuposa umevaa suti uliyojishonea mwenyewe, na sikupendi leo. Usiku mwingine nawaza mama anavyokucheka ukimpima mabega na nageuka kitandani kama samaki kwenye kikaango. Hilo halitaisha kwa barua hii, usilisubiri.

Umefanya nilichotaka na kimekutoa machozi. Sasa nataka kingine. Rudi uwe Kifungua. Lakini ulikuwa unaifanya vibaya. Kitinda ameniandikia kwamba mama akiita unaitika. Unaitika "naam", sivyo? Kama uko mahakamani. Mimi sijawahi kumwitikia mama "naam". Utotoni kila nilipoitwa nilikuwa kwenye udongo, akanizoesha: akiita "Kifungua!" najibu, "Nipo, na mikono ni misafi." Yeye anasema, "Hebu." Hapo unanyoosha mikono, viganja juu, kisha unageuza. Anaikagua. Atakuta kasoro, hata kama haipo, na atakusonya kidogo. Usicheke anapokusonya, cheka baadaye. Akikushika sikio la kushoto amefurahi. Akisema "kaa" bila kutazama, ana njaa na hataki kusema.

Jifunze. Mwambie mke wako akuulize kesho, kisha keshokutwa, kisha aongeze pengo, mpaka yakutoke bila kufikiri. Ukikosea akwambie hapo hapo. Ana mpango mzuri wa mambo hayo.

Atakapojua wewe ni Kifungua atakuacha umnyanyue, atakula, atavua viatu. Hakuna mwingine wa kufanya kazi hiyo. Mimi nikiitazama mikono yangu sasa, vumbi la mawe limeingia kwenye nyufa na halitoki hata kwa sabuni ya mafuta. Yako inashika vitambaa kutwa. Hata kwa hilo nakuonea wivu.

Barua hii nimempa dereva mkononi, aifikishe nyumbani kabla hajapakua popote. Mama labda amekaa mlangoni unaposoma. Usimkawize. Msogelee kwa mbele akuone vizuri, ungoje akuite. Asipokuita, mwite wewe.

Sema upo.

Kifungua